Mto wa Kukoholea

Siku ya pili baada ya kupasuliwa tumbo, mjomba alikuwa amelala chali kama tulivyotaka alale. Mama, ambaye ni dada yake mkubwa, alikaa upande wa kichwa. Mkewe alikaa miguuni. Mimi nilisimama dirishani na pepeo la ukindu, nikimpepea. Kila alipotaka kujigeuza tulimzuia. Kila kikohozi kilipomjia, mama alimwekea kiganja kifuani akamwambia, "Jizuie, ndugu yangu, mshono utafumuka." Naye, nahodha aliyewahi kuvusha jahazi la boriti katika kusi kali, alitii. Akawa anapumua juu juu, pumzi fupi fupi kama za mtoto aliyelia hadi akachoka. Tukaona ametulia. Tukamshukuru Mungu.

Usiku wa tatu homa ikapanda. Muuguzi wa zamu alimbana kidole kwa kile kidude kinachosoma oksijeni ya damu, nambari ikatua kwenye 86, nasi hatukujua maana yake mpaka tulipouona uso wa muuguzi. Mtu mzima mwenye mapafu mazima husoma 95 na kuendelea. Mjomba alikuwa na nimonia.

Daktari wa upasuaji alikuwa ameifanya kazi yake vyema. Utumbo uliojisokota ulikatwa, ukaungwa, na mshono ulikuwa mkavu. Kilichotaka kumuua mjomba kilikuwa mahali ambapo kisu hakikufika kabisa.

Mtaani hukumu ilikwisha kutolewa kabla hajatoka wodini: ni ile nusukaputi. Kila mwenye jamaa aliyewahi kupasuliwa alikuwa na kisa chake cha dawa ya usingizi iliyoharibu kifua cha mtu. Tangu wakati huo nimekuwa nikisoma, na kuwauliza watu wa chumba cha upasuaji kila ninapokutana nao, ni nini hasa kilichompata mjomba. Hukumu ya mtaani ina kweli ndani yake, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ilikuwa mikononi mwetu sisi tuliokuwa tumekizunguka kile kitanda.

Mapafu hayana misuli ya kujivuta yenyewe. Hujaa kama tanga linavyojaa, kwa nguvu itokayo nje yake. Nguvu hiyo kwa sehemu kubwa ni kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Kiwambo kikishuka, hewa huingia; kikipanda, hutoka. Ndani ya mapafu kuna vifuko vya hewa vidogo mno, mamia ya mamilioni, na ndivyo vinavyoipa damu oksijeni. Mtu akiwa macho, hata akitoa pumzi yote anayoweza, hewa fulani hubaki ndani na kuvizuia vifuko hivyo visinywee.

Sasa mtu huyo alazwe kwa dawa. Misuli ya kifua inalegea, kiwambo kinasukumwa juu na uzito wa matumbo, na ile hewa ya akiba inapungua kwa nusu lita hadi lita nzima pale pale mezani, kabla kisu hakijagusa ngozi. Sehemu ya chini ya mapafu, ile iliyo upande wa mgongo, hubanwa na kufungana. Katika miaka ya 1980 Göran Hedenstierna na wenzake huko Uswidi waliwapiga wagonjwa waliolazwa kwa dawa picha za kompyuta zinazoonyesha mwili tabaka kwa tabaka. Waliona vipande vya mapafu vimefunga katika muda wa dakika chache tu. Jambo hilo hutokea kwa takriban wagonjwa tisa katika kila kumi wanaolazwa hivyo. Kwa mtu mwenye afya aliyefanyiwa upasuaji mdogo, vifuko hufunguka tena bila yeye mwenyewe kujua kwamba viliwahi kufunga.

Tumbo ni jambo jingine, hasa tumbo la juu, kutoka kitovuni kwenda kwenye mbavu, palipo na mfuko wa chakula, ini, nyongo na wengu. Mkato wa hapo uko jirani na kiwambo, na mwili hukizuia kiwambo kisifanye kazi kwa ukamilifu hata kama maumivu yametulizwa. Kiasi cha hewa ambacho mtu anaweza kukivuta kwa pumzi moja kubwa hushuka kwa karibu nusu. Hali hiyo huwa mbaya zaidi katika siku mbili za kwanza, na huchukua wiki nzima au zaidi kurudi kama zamani. Kwa mkato wa chini ya kitovu upungufu upo lakini ni mdogo. Katika siku hizo mbili makohozi hayatoki, vifuko vilivyofunga havifunguki, na vijidudu hupata kitanda chenye joto na unyevu. Nikihesabu nyuma, zilikuwa siku zile zile ambazo sisi tulimkataza mjomba kukohoa.

Waswahili tumezoea kusema nusukaputi kwa kila dawa inayomwondolea mtu maumivu ya kisu. Wengi hulinasibisha neno hilo na kaputt ya Kijerumani, yaani kilichovunjika, kilichokwisha, kwa hiyo aliyepewa nusukaputi amekufa nusu. Amu, yaani Lamu, ina kumbukumbu zake za Wajerumani: Witu ya bara ilikuwa chini ya himaya yao kuanzia 1885 hadi 1890, na posta yao iliyofunguliwa mjini Amu mwaka 1888 leo ni makumbusho. Ninachokiona ni kwamba neno hili limetutia hofu na pia limetuficha jambo. Limetufanya tuamini kuna njia moja tu, ya kufa nusu na kufufuka, ilhali zipo njia kadhaa na kila moja inayagusa mapafu kwa namna yake.

Ya kwanza ni usingizi kamili. Dunia inauhesabu kutoka tarehe 16 Oktoba 1846, siku ambayo William Morton alimlaza mgonjwa kwa mvuke wa etha mbele ya madaktari wa Boston. Siku hizi mgonjwa hulazwa kwa sindano ya mshipa au kwa gesi, hutiwa mrija kooni, na mashine humpumulia. Ili daktari aweze kufanya kazi ndani ya tumbo lisilokakamaa, mgonjwa hupewa pia dawa ya kulegeza misuli. Dawa ya kwanza ya aina hiyo, iliyotumiwa na Harold Griffith na Enid Johnson mjini Montreal mwaka 1942, ilitokana na sumu ya mishale ya watu wa misitu ya Amerika Kusini. (Waaweer wa msitu wetu wa bara nao wanaijua mishale ya sumu, ila ya kwao hushika moyo.) Dawa hizi zilifungua milango mikubwa ya upasuaji. Lakini kiasi kidogo kinachosalia mwilini wakati mgonjwa anaamka hutosha kumfanya ashindwe kuvuta pumzi nzito au kukohoa kwa nguvu. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2019, wa wagonjwa 22,803 katika nchi 28, uliona kwamba waliopewa dawa za kulegeza misuli walipata matatizo ya mapafu kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa.

Hata mashine yenyewe ina namna ya kutumiwa. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kumjaza mgonjwa pumzi kubwa kubwa kunamsaidia. Mwaka 2013 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya wagonjwa 400 wa upasuaji wa tumbo. Nusu walipewa pumzi kubwa za mtindo wa zamani. Nusu walipewa pumzi ndogo zaidi, pamoja na shinikizo dogo la kuvizuia vifuko visifunge na msukumo wa mara kwa mara wa kuvifungua. Matatizo makubwa yaliwapata asilimia 27.5 ya kundi la kwanza na asilimia 10.5 ya kundi la pili. Dawa ni zile zile, kisu ni kile kile, tofauti ni mkono uliotega mashine. Ndiyo maana nasita kila ninaposikia watu wakibishana kuhusu dawa bila kumtaja aliyeishika.

Njia ya pili ni sindano ya mgongo. Nayo ilianzia Ujerumani: mwezi Agosti 1898, mjini Kiel, August Bier alitia kokaini kidogo katika maji yanayouzunguka uti wa mgongo, mgonjwa akafa ganzi kutoka kiunoni kwenda chini akiwa macho. Baadaye Bier alikubali msaidizi wake amchome yeye mwenyewe sindano hiyo, akaumwa na kichwa kwa siku kadhaa. Kichwa hicho bado kipo, ingawa sindano nyembamba za leo zimekipunguza sana. Kwa mapafu, faida iko wazi. Mgonjwa anajipumulia, koo lake linabaki na ulinzi wake, hahitaji mrija wala mashine, na saa za kwanza baada ya upasuaji hana maumivu makali.

Lakini ganzi hiyo ina mpaka na ina muda. Hutosha vizuri kwa tumbo la chini: kumtoa mtoto kwa upasuaji, ngiri, busha, mara nyingi hata kidole tumbo. Ikipandishwa juu zaidi ili kufikia mfuko wa chakula, hulegeza misuli ya mbavu na ya tumbo, na hushusha shinikizo la damu. Kwa aliyepoteza damu nyingi au aliyekauka maji kwa kutapika siku mbili, kushuka huko kunaweza kumuua mezani. Mjomba alikuwa katika kundi hilo. Aliyemlaza alichagua usingizi kamili, na leo najua kwamba alichagua sawasawa.

Ipo pia njia ya mrija mwembamba unaoachwa mgongoni, nje kidogo ya utando wa uti, na kupitisha ganzi kidogo kidogo kwa siku kadhaa baada ya upasuaji. Huitwa epidurali. Juu yake ndipo ubishi mkubwa wa kitaalamu umekuwa. Mwaka 2000 jarida la BMJ lilichapisha mkusanyo wa majaribio 141 yenye wagonjwa 9,559. Ganzi ya mgongo na epidurali zilionekana kupunguza nimonia kwa asilimia 39, na hata vifo. Miaka miwili baadaye likaja jaribio moja kubwa lililoongozwa kutoka Australia, la wagonjwa 915 wa upasuaji mkubwa wa tumbo waliokuwa na hatari kubwa, na vifo havikutofautiana. Kilichotofautiana ni pumzi: walioshindwa kupumua ipasavyo walikuwa asilimia 23 kwa waliopata epidurali, na asilimia 30 kwa wengine. Nasoma matokeo hayo mawili kwa pamoja hivi: ganzi haibadilishi kila kitu, lakini inamwezesha mtu kukohoa. Mtu asiyeumia hukohoa, na anayekohoa hufungua mapafu yake.

Epidurali, hata hivyo, inataka mtu wa kuiangalia usiku kucha. Pasipo mtu huyo ni hatari kuiweka. Kinachowezekana karibu kila mahali ni kumtia mgonjwa ganzi kuzunguka mkato kabla hajaamka, au kuizima mishipa ya fahamu ya ukuta wa tumbo kwa sindano, kisha kumpa parasetamoli kwa saa maalumu bila kungoja alie, na mofini kwa kipimo. Mofini ikizidi hupunguza pumzi. Ikikosekana, maumivu huzipunguza vile vile.

Na ketamini nisiisahau. Ilitengenezwa mwaka 1962, na kwa hospitali ndogo za Afrika Mashariki imekuwa mkombozi, kwa sababu humwondolea mtu maumivu huku akiendelea kujipumulia. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu. Mgonjwa huamka akisimulia ndoto za ajabu na mate humjaa mdomoni, lakini umeme ukikatika, pumzi yake haikatiki.

Haya yote huamuliwa na mtaalamu, akishauriana na mgonjwa. Kwetu huamuliwa pia na maji.

Tazama ramani. Kutoka Kiwayu na Ndau, kutoka Kizingitini, Faza, Siyu na Pate, mpaka kufika mjini Amu, njia ni bahari. Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya Manda na bara, kwa vizazi uliwalazimisha manahodha kungoja maji yajae. Tumbo likimkamata mtu maji yakiwa yamekupwa katika bamvua, mashua imekaa juu ya mchanga, na tumbo halingoji. Akifika Amu atapelekwa Hospitali ya King Fahd. Ikibidi apelekwe mbele zaidi atavuka tena hadi Mokowe, kisha zaidi ya kilomita 200 za barabara hadi Malindi na zaidi ya 300 hadi Mombasa. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilipendekeza kipimo cha kufikia upasuaji wa msingi ndani ya saa mbili. Kwa mtu wa Kiwayu, saa mbili ni za nani, za saa ya mkononi au za maji?

Tume hiyo hiyo iliweka lengo la wataalamu 20 wa upasuaji, uzazi na nusukaputi kwa kila watu 100,000. Sensa ya 2019 iliihesabu Kaunti ya Lamu kuwa na watu 143,920. Piga hesabu: tungehitaji wataalamu kama 29. Utafiti wa upasuaji Afrika uliochapishwa mwaka 2018, uliozifikia hospitali 247 katika nchi 25, ulikuta wastani wa kati wa wataalamu 0.7 kwa watu 100,000. Kwa kipimo hicho Lamu nzima ingepata mtu mmoja. Katika utafiti huo wagonjwa wa Kiafrika walikuwa vijana zaidi na wenye hatari ndogo kuliko wastani wa dunia, na bado walikufa mara mbili zaidi, asilimia 2.1. Wengi walikufa siku za baada ya upasuaji, wakiwa wodini, si mezani. Nikisoma sentensi hiyo nakiona kitanda cha mjomba.

Ndiyo maana huku kwetu, na sehemu kubwa ya Kenya, anayekulaza kwa kawaida si daktari bingwa bali afisa tabibu au muuguzi aliyesomea kazi hiyo. Hawa ndio wanaoubeba mzigo. Hospitali ya Kijabe, kwa mfano, imekuwa ikiwafundisha wauguzi wa nusukaputi kwa ajili ya hospitali za mbali. Chombo muhimu kuliko vyote mikononi mwao ni kile kidude cha kidoleni. Msingi wake uligunduliwa Japani na Takuo Aoyagi mwaka 1974, na bado mwaka 2010 watafiti walikadiria kwamba vyumba vya upasuaji zaidi ya 77,000 duniani havikuwa nacho. Mwaka uliofuata lilianzishwa shirika la Lifebox kwa ajili ya kuvisambaza. Kipo pia katika orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani, ile inayosomwa kwa sauti kabla ya mgonjwa kulazwa, kabla ya kukatwa na kabla ya kutoka. Miongoni mwa hospitali nane zilizoijaribu orodha hiyo duniani, pamoja na za London, Seattle na Toronto, ilikuwamo ya Ifakara, Tanzania. Kwa ujumla vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Moja ya maswali yake: je, kuna hatari ya matapishi kuingia kwenye mapafu?

Swali hilo linatuhusu sana sisi tunaosafirisha wagonjwa kwa mashua. Desturi yetu ni kumtia mgonjwa nguvu kabla ya safari: uji, chai ya tangawizi, walau kikombe cha maziwa. Mapenzi matupu. Lakini tumbo lenye ugonjwa halisagi chakula, na mtu anapolazwa, koo lake hulegea. Kilicho tumboni hupanda na kushuka mapafuni pamoja na tindikali yake. Mwaka 1946 daktari wa New York, Curtis Mendelson, aliwaeleza wanawake 66 waliopatwa na hali hiyo wakati wa kujifungua, na ugonjwa huo hadi leo unaitwa kwa jina lake. Kwa upasuaji uliopangwa, sharti ni saa sita bila chakula. Kwa dharura, anayemlaza mgonjwa anahitaji kujua ukweli: amekula nini, saa ngapi, ametapika mara ngapi. Sisi tulimwambia mtaalamu kwamba mjomba hakuwa amekula kitu. Mama alikuwa amempa uji gatini Mtangawanda, tukingoja mashua. Aliona haya kusema. Namshukuru yule mtaalamu, ambaye alimtendea kana kwamba tumbo limejaa.

Jambo jingine linalotuumiza ni hofu ya sindano ya mgongo. Nimewasikia akina mama wa Amu, Shela na Matondoni wakiambiana kwamba ukichomwa mgongo utaumwa kiuno maisha yako yote, na wengine huomba walazwe kabisa wakati wa kujifungua. Kiuno kuuma baada ya uzazi ni jambo la kawaida hata kwa aliyezaa nyumbani bila sindano yoyote. Mimba yenyewe hukivuta, na kulea hukimaliza. Pale penye kidonda cha sindano huuma siku chache. Kichwa nacho kinaweza kuuma, na kina tiba. Maumivu ya kudumu ya kiuno hayajathibitishwa kutokana na sindano hii. Mama mjamzito anayelazwa kwa usingizi kamili, kwa upande mwingine, yuko karibu zaidi na hatari ile ya Mendelson, na koo lake lililovimba kwa mimba ni gumu zaidi kutiwa mrija. Ningependa kuona hofu hii ikizungumzwa kwenye kliniki za wajawazito mapema, si usiku wa uchungu, wakati mtu amekwisha kuvalishwa gauni la kijani na anatakiwa aweke kidole gumba kwenye fomu.

Halafu kuna kifua ambacho mtu huenda nacho mezani. Madaktari wa Catalonia, Hispania, waliofuatilia wagonjwa 2,464, walitaja mwaka 2010 mambo yanayoonyesha nani atapata matatizo ya mapafu: umri mkubwa, oksijeni ndogo hata kabla ya upasuaji, homa ya kifua katika mwezi uliopita, upungufu wa damu, mkato wa tumbo la juu au wa kifua, upasuaji wa zaidi ya saa mbili, na dharura. Mengi ya hayo huwezi kuyabadilisha usiku mmoja. Lakini ngiri inayongoja wiki sita inaweza kungoja kikohozi kiishe. Mvutaji akiacha sigara wiki nne kabla, hatari yake hupungua. Shirika la Afya Duniani lilikumbusha hivyo mwaka 2020. Na bibi aliyeinamia mafiga ya kuni miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha ana mapafu ya mvutaji ingawa hajawahi kushika sigara. Mtaalamu asipomuuliza kuhusu moshi wa jiko, yeye hatausema, kwa sababu haoni kama ni jambo. Safari Doctors, kundi la Umra Omar ambalo hupeleka matibabu visiwani kwa mashua na lililomfanya atajwe kati ya mashujaa kumi wa CNN mwaka 2016, limewazoesha watu wetu kumwona tabibu kabla hawajazidiwa. Hapo ndipo kifua kingepimwa, mtu angali na nafasi ya kujiandaa.

Nikiulizwa sasa na jamaa anayempeleka mtu wake hospitali, huwa nasema: kama ni tumbo la chini na mtaalamu anakupendekezea sindano ya mgongo, usiikimbie. Kama ni tumbo la juu, au mgonjwa amekauka, au ni dharura kubwa, usingizi kamili ndio utakaokuwa, wala usimlaumu mtu. Lakini kwa vyovyote vile uliza, kwa adabu, mbele ya mgonjwa mwenyewe: maumivu yake yatatulizwaje kesho na kesho kutwa? Nani atamkalisha?

Kwa maana utafiti ulionigusa kuliko wote hauhusu dawa kabisa. Ulichapishwa mwaka 2018, baada ya kufanywa katika hospitali tatu za Australia na New Zealand, kwa wagonjwa 441 wa upasuaji wa tumbo la juu. Nusu walipewa kijitabu tu. Nusu ya pili, kabla ya siku ya upasuaji, walikaa dakika 30 na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akawaeleza yatakayoyapata mapafu yao na kuwafundisha kuvuta pumzi nzito na kukohoa mara tu watakapoamka. Hakuna mashine, hakuna dawa mpya. Matatizo ya mapafu yalishuka kutoka asilimia 27 hadi 12. Dakika 30 za maneno. Sisi ni watu wa maneno; tunaweza kukaa barazani kuanzia alasiri mpaka isha tukizungumza. Sioni kwa nini dakika hizo zikosekane kwa mtu wa Faza anayengoja kupasuliwa.

Mjomba alipona. Alisaidiwa na oksijeni, dawa za vijidudu, na muuguzi mmoja wa makamo ambaye asubuhi ya nne aliingia, akatutazama sote watatu, akasema, "Wazee wangu, huyu mnampenda, lakini mnamzamisha." Akakiinua kitanda upande wa kichwa. Akamwomba mama ule mto mdogo wa sufi tuliouleta kutoka nyumbani, akaukunja mara mbili, akamkumbatisha mjomba juu ya mshono. "Ukumbatie, baba. Ubane hasa. Sasa vuta pumzi mpaka chini, ishike, halafu kohoa."

"Mwanangu, tumbo litatatuka."

"Halitatatuka. Nimekushika."

Akakohoa. Machozi yalimtoka, na makohozi mazito ya rangi ya kutu yakatoka pia. Muuguzi akatupa kazi: kila tusikiapo adhana, tumkalishe kitako, pumzi kumi nzito, kisha kikohozi na mto, na kati ya adhana na adhana tumtembeze hata kama ni hatua nne. Saa zetu wodini zikawa adhuhuri, alasiri, magharibi, isha na alfajiri. Mama, yule yule aliyekuwa akimbana kifua, ndiye aliyemhesabia pumzi kwa tasbihi yake. Siku ya sita nambari ya kidoleni ilisoma 94 bila mtungi.

Mto ule haukurudi kitandani. Mara ya mwisho nilipopanda chombo chake, niliuona umefungwa kwa kamba karibu na usukani, foronya imechakaa, sufi imeanza kuchungulia kwenye pembe. Nilimuuliza kama bado anaumwa. Akasema hapana, ila siku za kaskazi kavu vumbi likimwingia kifuani, hupenda uwe karibu.